Maneno Matano ya Mama Shimba

Tulipoachana wiki jana, Mama Shimba alikuwa ameinama juu ya debe la dagaa pale Mwaloni, Kirumba, na Ngosha, nahodha wa boti ya uvuvi, alikuwa ameruka majini kabla boti yake haijafungwa. Maji yalimfika magotini. Akasema maneno manne tu.

"Meli ya Bukoba imelala."

Msomaji mmoja wa Nansio ameniletea barua akibisha kwamba hapo lazima Mama Shimba alizirai, maana wanawake wa hadithini ndivyo wanavyofanya. Pole, ndugu yangu. Hakuzirai. Alijaza debe mpaka pomoni, akalisawazisha kwa kiganja, akamuuliza mteja wake, "Nikuongezee?"

"Ongeza kidogo," mteja akajibu, na yeye alikuwa amesikia vilevile.

Ndivyo ilivyokuwa asubuhi ile ya Mei, mwaka tisini na sita. Habari ilifika Mwaloni, na mikono ya watu ikaendelea na kazi zake kana kwamba yenyewe haikuambiwa. Muuza chai aliendelea kumimina. Wanaume wawili waliokuwa wakigombania kamba waliendelea kugombana. Mwingine alicheka kabisa, akamwambia Ngosha kwamba meli hailali, anayelala ni mtu, na aache kunywa gongo kabla jua halijapanda.

"Imelala ubavu," Ngosha akasema. "Nimetoka huko sasa hivi. Watu wamekaa juu ya ubavu wake. Tumepakia tuliowaweza. Nimekuja kutafuta petroli nirudi."

"Na wengine?"

"Wamo ndani. Wanagonga."

"Wanagonga nini?"

"Bati. Unawasikia ukikaribia."

Hapo ndipo debe lilipomponyoka Mama Shimba. Dagaa wakamwagika miguuni pake, naye akawakanyaga akienda.

Kwa wewe unayeanza nasi leo, ngoja nikuweke sawa haraka, maana mama wa watu anakimbia na sisi tuko nyuma yake.

Mama Shimba ana mtoto mmoja, huyo Shimba. Miaka mitatu iliyopita kijana alipunguzwa kazi kiwandani, na mwezi uleule akamleta nyumbani mchumba. Jina Mastura, fundi cherehani, binti wa Kiislamu. Mastura akaingia jikoni, akapika, akatenga. Mama Shimba, Mkatoliki wa kushika rozari hata akipima dagaa, hakunawa mikono. Aliiona mikono ya yule binti ikiweka sahani mbele yake, ikangoja, kisha ikaiondoa. Macho yake hayakupanda juu ya hapo. Hata uso wa mgeni hakuutazama.

Shimba akasimama, majirani wakisikia. "Mama, nitakanyaga tena Kirumba siku nitakapoitwa kukuzika."

Akaenda zake Bukoba na mkewe. Mama akatuma barua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kimya.

Sasa Jumamosi iliyopita, uvumilivu ukiwa umemwishia, alikwenda kwa Mzee Venant. Huyu alistaafu posta, lakini bado anakaa barazani pale akiwaandikia watu barua na simu za maandishi, yaani telegramu. Mama Shimba alitaka maneno matano. MAMA MGONJWA SANA NJOO HARAKA.

Unajua nchi yetu. Kifo hakitumwi kwa simu. Kinachotumwa ni ugonjwa, na anayeupokea anaanza kulia palepale kwenye kaunta, anakwenda kufunga mzigo. Mama Shimba alilijua hilo vizuri kuliko mimi na wewe, na ndicho hasa alichokuwa anakitaka.

"Huu ni uongo, Mama Shimba," Mzee Venant alimwambia, kalamu mkononi.

"Uongo uko wapi? Mimi si mgonjwa? Presha si ugonjwa?"

"Mwanao atajua umekufa."

"Atajua alichotaka kujua. Akifika atanikuta mlangoni, atanikasirikia siku mbili, ya tatu atakula."

Mzee akaandika. Jina la mtumaji aliweka lake, kwa sababu marehemu hatumi simu.

Simu ingefika Jumatatu asubuhi. Meli iliondoka Bukoba Jumatatu jioni. Na hii ilikuwa Jumanne.

Bandarini Mama Shimba alikuta umati umeshajaa mpaka barabarani, na ajabu ni kwamba haukuwa na kelele. Watu walikuwa wakiulizana kwa sauti ya chini, kama walio kanisani. "Wewe una nani?" "Dada." "Mimi sina uhakika, alisema atakuja wiki hii au ijayo." Mama mmoja alikuwa na shati la mumewe mkononi, nusu limepigwa pasi, nusu halijapigwa, na kila mara alikuwa akilikunja ile nusu iliyonyooka ili lisikunjamane.

Redio ilikuwa juu ya ngazi ya ofisi. Watu mia mbili waliizunguka, na redio ilikuwa ikieleza wadudu wanaoshambulia pamba. Hakuna aliyethubutu kuizima. Wakasikiliza wadudu wa pamba mpaka mwisho, wakasikiliza na muziki uliofuata. Taarifa ilipokuja, mtangazaji aliisoma mara moja, akatulia, akairudia, na mara ya pili sauti ilimkatika. Hapo ndipo watu walipoamini. Walikuwa wamesimama umbali wa mwendo wa boti kutoka kwenye meli yenyewe, na bado walingoja waambiwe kutoka Dar es Salaam.

Mzee Venant alimkuta Mama Shimba ameegemea ukuta.

"Usilie," alimwambia kabla hajamsalimu.

"Nimelia?"

"Unataka. Usilie. Hatujui kama alipanda. Huenda hata simu haijafika. Ukimlilia mtu aliye hai unamchulia kifo."

"Nani anajua habari ya ile simu?"

"Mimi na wewe."

"Ibaki hapo hapo."

"Itabaki," mzee akasema, na alikuwa mtu wa kushika neno. Miaka ishirini na saba posta, hajawahi kusimulia barua ya mtu.

Boti zikaanza kuingia na waliookolewa. Wamefunikwa mablanketi, wengine wana kiatu kimoja. Afisa mmoja alisimama juu ya gogo akasoma majina kutoka kwenye karatasi iliyolowa. Kila jina liliposomwa mtu mmoja alipiga kelele na mia wakanyamaza. Mama Shimba alisikiliza majina yote. Kisha akasikiliza tena yaliporudiwa, kana kwamba mara ya pili yangeongezeka.

Saa nane mchana Ngosha akarudi. Alikuwa na watu watatu hai, na wengine ambao hawakuwa hai, sitaki kusema idadi. Alimtafuta Mama Shimba kwa macho, na alipomwona aliinamisha kichwa.

"Mama, nimeokota kitu kinaelea. Jina nikalijua."

Ilikuwa ndoo ya plastiki, ya njano, mfuniko umefungwa kwa kamba ya katani. Ubavuni, kwa rangi nyekundu, kama wasafiri wetu wanavyoandika mizigo yao isipotee, iliandikwa SHIMBA K. MWANZA.

Mama Shimba akaipokea. Akaikumbatia. Mzee Venant akamshika bega, akasema, "Ndoo si mtu, mama," lakini alichelewa. Mama Shimba alikuwa ameshafungua kinywa, na kilio kilichotoka hapo kiliwafanya hata askari waliokuwa wakizuia umati wageuke.

"Mwanangu nimemuua. Shimba, mwanangu, nimekuua."

Wafiwa husema hivyo. Hakuna aliyemsikiliza kwa makini isipokuwa mzee wa posta.

Unajua yanayofuata mtu akilia hivyo Kirumba. Hapahitaji mwaliko. Kabla jua halijazama mikeka ilikuwa imetandikwa mbele ya nyumba yake, kuni zimeletwa, na jirani yake Tereza amewasha moto kwenye jiko la uani na kuteleka maharage. Msiba umeanza na maiti haipo. Wazee wawili walinong'ona kwamba si vizuri, angalau wangengoja. Lakini siku ile nani angengoja nini? Kila mtaa ulikuwa na mikeka.

Ikafika Jumatano. Redio ikatangaza siku tatu za maombolezo nchi nzima, bendera nusu mlingoti. Mama Shimba alikaa mkekani na ndoo mapajani, hataki kuitoa. Mwishoni Tereza alimbembeleza, akaifungua wapate kuona kama kuna nguo za kuanika.

Nguo haikuwamo. Kulikuwa na mwiko mkubwa, mpya. Chumvi ya kutosha ukoo mzima, imefungwa vizuri kwenye mfuko wa nailoni. Vitunguu saumu. Chupa ya mafuta. Na kaniki nyeusi iliyokunjwa kwa nne.

"Mama Shimba," Tereza akasema polepole, "mwanaume anabeba mwiko?"

"Labda ni wa biashara."

"Na kaniki?"

"Tereza, usinitese."

Tereza akainuka. Chumvi ile akaenda kuitia kwenye maharage, maana ya kwake ilikuwa imekwisha, na mwiko ule akaugeuzia.

Sasa tulia, msomaji, maana hapa ndipo mimi mwenyewe nilipoweka kalamu chini nikanywa maji.

Saa tisa alasiri mtu aliingia msibani. Alikuwa mwekundu kwa vumbi tangu nywele mpaka viatu, kama watu wanaosafiri juu ya malori ya mahindi. Hakumsalimu yeyote. Aliitazama mikeka, akawatazama wanawake waliovaa kanga vichwani, akautazama moshi wa jikoni. Na alipouona moshi, uso wake ukalegea, kama mtu aliyeshushiwa mzigo.

"Asante Mungu," akasema. "Wanapika."

Akapita katikati ya mikeka akakimbilia jikoni.

Mwanamke wa kwanza kumtambua alipiga kelele akaanguka juu ya mwenzake. Wa pili alikimbia akaacha viatu. Maana aliyepita pale alikuwa Shimba, na msiba ulikuwa wa Shimba.

Mama Shimba alijaribu kusimama, miguu ikakataa. Akatambaa. Mama mtu mzima, mbele ya majirani, alitambaa mpaka kwenye nguzo ya jiko, akashika nguzo, akasimama.

Ndani ya jiko Shimba alikuwa akimtazama mwanamke mmoja mmoja. Huyu alimgeuza kwa bega, yule akamvuta kanga kichwani amwone vizuri.

"Yuko wapi?" alikuwa akiuliza. "Yuko wapi? Ametoka kuchota maji?"

"Mwanangu," Mama Shimba akasema. "Mimi hapa. Sijafa. Nitazame, sijafa."

Alimrukia shingoni. Alimshika masikio, akamshika mabega, akamnusa. Akamshukuru Mungu kwa sauti kubwa, Kiswahili na Kisukuma, mbele ya wanawake ambao wawili kati yao walikuwa na watu wao majini mpaka saa ile. Nitawaambia ukweli, hakuwafikiria. Kwa dakika moja nzima hakuna mtu Mwanza nzima aliyekuwa na furaha kama yake.

Shimba alisimama kama mti. Mikono yake ilining'inia.

"Mama," akasema. "Uko hai."

"Niko hai, mwanangu."

"Ulipona?"

Alisita kidogo tu. "Nilipona."

"Basi nani anazikwa hapa?"

Tereza ndiye aliyejikaza kumjibu. "Wewe, Shimba. Tulijua ulikuwa melini."

"Mimi nilikuwa Biharamulo. Nilikwenda kununua mahindi." Alikuwa akiongea taratibu mno. "Habari ya meli nimeisikia jana kivukoni. Lori likaharibika, nikalala njiani. Nilipofika hapa nikaona msiba, nikaona moshi. Nikasema basi msiba wa mama unaendelea, watu wanapikiwa, ina maana amefika."

"Nani, mwanangu?"

Shimba alikuwa ameiona ndoo ya njano karibu na mafiga. Akainama, akapitisha kidole juu ya ile rangi nyekundu.

"Haya maandishi ni yangu. Nilimwandikia mwaka jana, alipokuja Mwanza kununua vitambaa." Akainua macho. "Simu ilifika Jumatatu asubuhi, mimi sipo. Mastura akaifungua. Jirani alinitumia ujumbe na dereva kwamba mama amefariki, Mastura ametangulia na meli ya jioni, nimfuate."

Maharage yalikuwa yakitokota.

"Angekungoja," Mama Shimba akasema. "Kwa nini hakukungoja?"

"Alimwambia jirani mkwe hawezi kufika msibani watu wameshakula. Alimwambia, safari hii mama hayupo wa kumkatalia, atapika, na watu wote watakula."

Tereza aliutazama mwiko aliokuwa ameushika. Akauweka juu ya mfuniko taratibu, kama kitu cha watu.

"Na mtoto alimchukua," Shimba akasema.

"Mtoto gani?"

"Mtoto wetu. Ana mwaka na miezi minne."

"Mna mtoto?"

"Anaitwa Ng'washi."

Kirumba nzima hakuna anayelijua jina hilo. Kwenye kadi ya ubatizo yeye ni Teodora, mtaani ni Mama Shimba. Ng'washi ni jina alilopewa na mama yake mzazi, na tangu mama huyo azikwe hakuna aliyemwita hivyo tena.

"Nani alimpa jina hilo?" akauliza.

"Mama yake. Alilisikia kwangu, nami nikakataa. Alisema mtoto lazima awe na bibi, hata kama bibi hataki."

Mama Shimba akakaa chini, hapohapo kwenye majivu.

Shimba akaingiza mkono mfukoni, akatoa karatasi ya ile simu, imekunjwa. Jirani wa Bukoba alikuwa amempa dereva aifikishe pamoja na ujumbe. Akaikunjua, akamtafuta Mzee Venant kati ya watu waliosongamana mlangoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Jina lako liko hapa chini. Mama yangu alikuwa mgonjwa sana Jumamosi?"

Mzee Venant alimtazama Mama Shimba, kisha akayatazama majivu.

"Niliandika mimi," akasema.

"Sijauliza nani aliandika. Nimeuliza kama alikuwa mgonjwa."

"Niliandika mimi, Shimba. Kosa ni langu. Nilidhani..." Mzee alitafuta uongo wa kuongezea, akaukosa. Hakuwa na mazoezi nao.

Shimba alimsogelea. Wanaume wawili wakajiweka katikati, maana kijana alikuwa na mikono ya kubeba magunia na mzee alikuwa mwembamba kama ufito.

Na hapa, msomaji, Mama Shimba angeweza kunyamaza. Mwanawe amerudi. Amekanyaga Kirumba. Alichokitaka kwa miaka mitatu kilikuwa mbele yake, umbali wa hatua mbili, na kilichotakiwa ili abaki naye ni kukaa kimya tu, amwache mzee wa watu abebe. Alilifikiria hilo. Nasema alilifikiria, kwa sababu alikuwa binadamu.

"Mwache," akasema kutoka pale chini. "Nilimtuma mimi. Nilimpa maneno yote matano. Sikuwa mgonjwa. Nilitaka uje."

Kila mtu alingoja Shimba apige kelele. Hakupiga. Alisimama, akatazama huku na huku kama aliyesahau alichofuata humo ndani. Kisha harufu ya maharage yanayoanza kushika ikamfikia. Akachukua ule mwiko mpya, akafunua sufuria, akageuza. Akageuza vizuri, akikwangua chini, mpaka yakaachia. Akafunika.

"Vaa viatu, mama," akasema. "Twende."

Waliokwisha kupatikana walikuwa wamelazwa kwenye uwanja wa mpira, chini ya maturubai. Njia nzima Shimba alitangulia na mama akafuata nyuma yake. Getini kulikuwa na dada wa Msalaba Mwekundu, macho yamemvimba. Aliwaonyesha kwa mkono: wanaume kule, wanawake hapa, watoto upande wa golini.

"Mimi naenda kwa watoto," Shimba akasema. "Wewe nenda kwa wanawake."

"Mwanangu, twende wote."

"Siwezi kuwa pande mbili." Akaondoka.

Dada akamshika Mama Shimba mkono. "Unamtafuta nani, mama?"

"Mkwe wangu," akajibu. Lilikuwa neno geni kinywani mwake. "Mke wa mwanangu."

"Yukoje? Mrefu? Mnene? Maji ya kunde?"

Mama Shimba aliitazama mikono yake mwenyewe.

"Ana alama yoyote usoni?"

"Uso wake siujui."

Dada alidhani amechanganyikiwa, kama wengi siku ile. Akamletea maji kwenye kikombe. Mama Shimba hakuyanywa. Alikuwa ameirudia ile meza ya miaka mitatu iliyopita, sahani ya wali na samaki ikiwekwa mbele yake. Aliiona mikono. Mikono midogo, vidole vyembamba, na kidole cha shahada cha kushoto kilikuwa na kucha iliyopasuka katikati mpaka chini, kazi ya sindano ya cherehani. Aliitazama kucha hiyo muda wote binti alipokuwa akingoja, kwa kuwa alihitaji mahali pa kuweka macho.

"Nionyeshe mikono," akasema.

"Mikono tu, mama?"

"Ya kushoto."

Wakaanza. Dada alifunua ncha ya shuka, Mama Shimba akainama, akatikisa kichwa, wakasogea. Kulikuwa na mikono ya wazee, na ya wasichana, na mmoja uliovaa saa ambayo ilikuwa bado inatembea. Kila mmoja aliugusa kidogo na kusema pole. Walikuwa wamepita wengi, na hakuwa tena na hesabu, pale dada alipofunua shuka ya khaki na Mama Shimba hakutikisa kichwa.

Kucha ilikuwa imepasuka katikati mpaka chini.

Akapiga magoti. Akaushika mkono ule kwa mikono yake yote miwili. Ulikuwa baridi, naye akawa anausugua, kama unavyomsugua mtoto aliyetoka kuoga ziwani asubuhi.

"Nifunulie uso," akasema baadaye. "Nataka kumwona."

Dada akafunua. Mama Shimba akamtazama mkwewe. Alikuwa na mwanya, na kidoti kidogo chini ya jicho. Hakuwa hata na miaka ishirini na mitano. Akamtazama kwa muda mrefu, naye machozi yakamtoka bila sauti, yakamdondokea yule binti shavuni, akayafuta kwa ncha ya kanga yake.

"Nisamehe, mwanangu," akamwambia. "Kile chakula kilinukia. Nilikuwa na njaa."

Viatu vikasimama karibu yake. Hakuinua kichwa, alivijua kwa lile vumbi jekundu.

"Huko hayupo," Shimba akasema. "Nimetazama wote. Ng'washi hayupo." Kisha akaona nani amelala pale, akashuka chini upande wa pili, akaweka paji la uso kwenye bega la mkewe. "Mayu," akasema, kama alivyomwita mama yake alipokuwa mdogo, na hakuendelea.

Dada wa Msalaba Mwekundu alingoja kwa adabu. Halafu akauliza, "Mtoto mwenyewe alikuwa wa kubebwa?"

"Wa mgongoni," Shimba akajibu bila kuinuka.

"Basi mbeleko huenda ilifunguka majini. Poleni sana."

Mama Shimba alikuwa ameshusha shuka mpaka kiunoni amfunge mkwewe kanga vizuri, asitazamwe na wapita njia. Mkono wake ukasimama.

Mbeleko ilikuwapo. Haikufunguka na haikuchanika. Ilikuwa imekunjwa kwa urefu na kufungwa kiunoni, mafundo mawili, imekazwa.

Alizaa watoto wanne, akazika watatu, na anajua mbeleko. Mwanamke akiwa na mtoto mgongoni, mbeleko iko kifuani. Haifungi kiunoni hivyo, kwa mafundo mawili, mpaka awe amemshusha mtoto kwa mikono yake mwenyewe na kumpa mtu.

"Shimba," akasema. "Inua kichwa utazame hapa. Mtoto hakuwa naye alipoingia majini. Alimpa mtu."

Shimba akainua kichwa.

"Alimpa nani?"